Mama Amezisaini Cheki Jikoni

Leo mama yangu amekataa kutoka benki hapa Machakos!

Kesho anaenda Kampala kuona mjukuu, na ako na cheki za wasafiri zilizobaki kutoka safari ya kwaya ng'ambo.

Hizo unasaini ukinunua, halafu unasaini tena mbele ya karani ndio alinganishe. Mama, ndio asicheleweshe foleni, alizisaini zote jana jikoni. Nani mwingine ako na mama hivi?

Karani akazikataa.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "twende. Utabeba kadi yangu."

"Na mashine ya pesa ya Kampala ikiimeza?"

Mama akaomba kalamu, akageuza cheki, akasaini nyuma karani akimwangalia.

"Haya, linganisha."

Akalipwa!

Nje nikaenda kwa mashine kumwonyesha vile kadi ni rahisi. Ikaimeza.

Mama amenishikia tu mlango wa benki nirudi ndani.