Siku Niliyofichwa Ndani ya Pamba

Juzi nimetoka Bariadi kumzika baba yangu mdogo. Usinipe pole, rafiki yangu, sikwenda kulia. Binti yangu alisema nisipokwenda watu watasema. Nikamwambia hao wamesema tangu nizaliwe, lakini alikuwa ameshakata tiketi. Yeye ndiye anayeandika haya, mimi naongea. Shule sikuingia hata siku moja, na walionizuia nawajua wote.

Tulipofika nilianza kuitafuta nyumba ya bibi kwa miguu. Zamani kutoka jikoni ulikuwa unapita penye minyaa, udongo unageuka baridi chini ya nyayo, halafu unakuta kizingiti kilicholiwa na mchwa. Safari hii nilikanyaga majani, majani, mpaka binti yangu akanishika mkono. "Mama, hapa hakuna nyumba. Kuna shamba la dengu."

Hujawahi kuniuliza kuhusu macho yangu, nami sijawahi kukuambia. Hayakupofuka. Hayakuwepo. Nilizaliwa na kope, na nyuma ya kope hamna kitu. Daktari mmoja aliniambia ukubwani kwamba hutokea hivyo mtoto akiwa bado anaumbwa tumboni, wala mama hana kosa. Lakini mama yangu alikuwa ameshafukuzwa zamani. Walisema ameleta mkosi, akarudishwa kwao Malampaka, mimi nikabaki kwa bibi, mama wa baba yangu.

Nisimseme vibaya tu. Bibi alinipenda. Asubuhi nilikuwa nasikia anavyotwanga karanga, na kabla wajukuu wengine hawajaamka mimi nimeshapewa michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa, mitamu, inanata kwenye meno. Wenzangu walikuwa wananichokoza, "Wewe, mbele yako kuna fahali!" nami narudi nyuma naanguka, wanacheka. Bibi anatoka na mwiko. Akimpata mmoja, wote wananyamaza.

Tena alinipa kazi. Msimu wa pamba, magunia yakitoka shamba, kila mtu anachambua: pamba safi huku, fifi huku. Wenzangu walikuwa wanatazama rangi. Mimi bibi alinifundisha kwa vidole. Pamba safi ukiibonyeza inainuka. Fifi imeshikana, ina vigumu ndani kama mchanga, mdudu ameshapita. Sikukosea. Bibi alikuwa anawaambia majirani, "Huyu ananishinda mimi mwenye macho mawili." Pamba iliyochambuliwa tuliimwaga kwenye chumba cha nyuma, inapanda mpaka karibu na paa, ina joto, inanukia jua na mafuta ya mbegu.

Chumba hichohicho ndicho walichonifichia.

Baba mdogo alikuwa na binti mkubwa aliyefikia kuolewa. Kwetu upande wa mume hawaji moja kwa moja na ng'ombe. Kwanza wanatuma mtu anayejifanya mpita njia, anaomba maji, anaulizauliza, anatazama kama kwenye ukoo kuna kifafa, kuna ukoma, kuna mtoto wa namna yangu. Akiona kitu, anakunywa maji, anaaga, na ng'ombe hawaji. Kwa hiyo baba mdogo aliweka sheria: mgeni yeyote asiyejulikana akisikika, mimi niingie kwenye pamba mpaka shingoni, nisikohoe. Nilidhani ni mchezo. Nilikuwa hodari wa mchezo huo.

Siku hiyo ilisikika baiskeli, mnyororo wake unalalamika. Nikaingia. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, nilisikia kila kitu.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya mwanamume ikamsalimu bibi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibu maji."

Akanywa. Akauliza, "Hapa kwenu mna watoto wangapi?"

Bibi akajua ndiye mchunguzi mwenyewe. "Watano. Wazima wote, macho yao kama ya paka."

"Nilielekezwa kwamba kuna mmoja haoni."

"Nani kakuelekeza? Huyo ana wivu. Ukoo wetu hauna kilema tangu babu wa mababu. Mwulize baba yao huyu."

Baba mdogo akadakia, "Hayupo mtoto wa hivyo. Apite yeyote atafute."

Ndipo nikasikia karatasi inakunjuliwa. "Sawa," yule mtu akasema. "Mimi ni mwalimu. Naandika watoto wasioona. Kuna shule ya bweni, wanasoma kwa vidole, wanalala hukohuko, wanakula bure. Nikadhani nimempata mmoja."

Bibi alikuwa ameshatoa neno mbele ya mgeni, na kwetu mtu mzima kulirudisha neno lake ni kama kuvua nguo njiani. Alivuta pumzi. Nikadhani atasema.

"Basi jaribu Kiloleli," akasema.

Mwalimu naye namlaumu. Alijua yupo, ameelekezwa, amefika mlangoni. Aliandika alichoambiwa, akapanda baiskeli. Mnyororo ukalalamika mpaka ukaisha.

Jioni nikamuuliza bibi, "Bweni ni kitu gani?" Alinisogezea bakuli lake la maziwa ya mgando, mimi peke yangu. Wiki mbili hakumsemesha baba mdogo. Lakini kumfuata mwalimu hakumfuata, na baba mdogo alikuwa akisema tu, "Yaishe, mama. Huyo atasoma nini?" Binti yake aliolewa. Ng'ombe walikuja.

Sasa kwenye msiba, wakati wazee wanamsifu marehemu kwamba aliipenda familia, mtoto wa kike akaja kukaa karibu yangu. Mjukuu wa jirani, kama miaka tisa. Amezaliwa kama mimi, ila yeye amewekewa macho ya bandia, na yuko likizo kutoka shule ya bweni. Akanishika vidole, akavipapasa.

"Bibi, na wewe ulisoma bweni gani?"

"Sikusoma."

"Kwa nini?"

Wazee wakaacha kusifu, wakasikiliza. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu alikuja hapa. Bibi yangu na huyu tuliyemzika wakamwambia sipo. Nilikuwa ndani, nimefunikwa pamba."

Mtu akakohoa. Mtoto akasema, "Si ungeita?"

Rafiki yangu, nimewalaumu watu miaka yote hii, na bado nawalaumu. Lakini sikuwahi kuulizwa hivyo. Sauti nilikuwa nayo. Ukuta ulikuwa wa udongo. Nilikaa mle nikizuia kikohozi, nikiona fahari kwamba nimejificha vizuri kuliko wote.

Nyumba imelimwa, chumba hakipo. Bibi hayupo, hakuna wa kumuuliza kama usiku ule alilala. Mwalimu sikumjua hata jina. Nimechoka kuwabeba, na pa kuwatua sipaoni.

Nilikuwa bado natafuta jibu la kumpa yule mtoto, bibi yake akamwita kutoka jikoni, jina lake lote, kwa sauti kubwa, mbele ya msiba mzima: njoo unawe, chakula tayari.

"Abee!" akaitika, akaniachia vidole, akaenda.