Mama Yakobo wa Wimbo wa Nne

Juzi kaka yangu, anayekaa mtaa wa Ngagara, alinitumia albamu zote za yule mwanarapu wetu wa utotoni. Faili nzito, sauti yake haikubanwa wala kupunguzwa kitu. Chini aliandika: "Vaa casque masikioni. Albamu ya kwanza, wimbo wa nne." Basi.

Unakumbuka kaseti, rafiki yangu? Yetu ilikuwa imechoka. Pale mtaani kwetu Nyakabiga tulianika betri juani zipate nguvu, tukakaza utepe kwa kalamu, na bado ngoma ilikuwa inameza maneno. Bibi alikuwa uani akichambua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Mpaka leo rap inaninukia ndagala, sijui kama ni mimi tu.

Siku moja, wimbo huo wa nne ukilia, bibi akainua kichwa. "Huyu mutu anatukana nani?"

"Apana, Bibi," kaka akasema. "Anasema Mama Yakobo. Ni jirani yake."

Bibi akanigeukia. "We haunidanganyaka. Ulisikia nini?"

"Mama yako," nikasema.

Unajua lilivyo tusi hilo, hata likiachwa nusu. Bibi aliuvuta utepe wote, akautia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, chini ya sufuria ya maharagi. Kaka akala viboko kwa kosa la kusema uongo. Niseme haki: vilikuwa viwili tu, na bibi hakuwa mtu mbaya. Kilichomuumiza kaka ni kwamba tangu hapo, kila alilosema, bibi alikuja kuniuliza mimi.

"Muulize mushahidi wako," kaka alikuwa akisema. Mwishowe akahamia kwa shangazi, Ngagara. Siku tulipomzika bibi, alisimama upande wa pili wa kaburi.

Jana nilivaa casque. Nasikia hata mwanarapu anavyovuta pumzi. Halafu, wazi kabisa: Mama Yakobo. Nimerudisha mara saba.

Nikamwandikia kaka: "Ulisema kweli."

Akajibu: "Hiyo najua. We ulisikia nini?"

Swali la bibi lilelile. Nadhani sikudanganya. Lakini asubuhi ile kaka alikuwa amenikataza kugusa redio, na nilikuwa na hasira naye; pengine ile "bo" niliisikia, nikaiacha. Sauti hii safi inajua alichosema mwanarapu tu. Nilichosikia mimi kilikuwa kwenye ule utepe uliochoka, na bibi wa kuniuliza tena hayupo.

Ninachokumbuka vizuri ni maharagi yale. Nilikula sahani mbili. Kaka hakula.