Siku Yuliana Alipomwaga Bokoboko

Yuliana ana mkono mzito, hilo lazima niliseme mapema. Hapa Mtoni, Temeke, mtaa mzima unajua. Nimekaa naye ukuta mmoja miaka chungu nzima, na nilishamwona akimtandika kibaka kwa ndoo mpaka kibaka mwenyewe akaita polisi. Ukimuuliza kajifunzia wapi ugomvi, anakujibu: "Kwenye ngano."

Mie nilikuwaga nadhani ananitania. Kumbe kweli. Kwao Makete walilima ngano, na ngano ina maradhi yake. Kuna kutu, inapaka majani vumbi la rangi ya tofali. Hiyo unaiwahi kwa dawa ya kupuliza, ama unapanda mbegu inayoistahimili. Halafu kuna fugwe. Suke linatoka limegeuka masizi matupu, upepo ukivuma masizi yanahamia kwa jirani. Suke la hivyo unaling'oa na kulichoma. Jirani yake, Gregori, alikataa kung'oa ya kwake, eti Mungu ataamua. Yuliana akamfuata na mpini wa jembe, akamvunja meno ya mbele, kisha akaingia shambani kwake akang'oa mwenyewe. Si uungwana, najua. Ila msimu uliofuata ngano ya Yuliana ilitoka safi.

Kwa ajili ya fugwe hiyo hiyo, na wadudu, mbegu hupakwa dawa kabla ya kupandwa, na dawa hutiwa rangi nyekundu ili mtu asije akaila. Mdogo wake Yuliana, Recho, aliila. Njaa ilibana, mbegu ilibaki, akaiosha mpaka rangi ikatoka, akapika. Walimzika kesho yake. Yuliana akihadithia hapo anakunja ngumi, na machozi yanamtoka papo hapo.

Hapa mjini anafagia ngano Kurasini. Malori yakitoka bandarini magunia hutoboka, punje zinamwagika, kina mama wanafagia, wanapepeta, wanaosha, wanaanika, wanauza. Kila kitu kinaoshwa, maana kimetoka chini: kuna oili, kuna mchanga. Kuosha ndiyo kazi yenyewe. Shoga yake wa kufagia ni Filomena, mwanamke wa Masasi anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mpole kupita kiasi, hata kuku hawezi kumfukuza.

Sasa kuna wiki Yuliana alishikwa na homa. Filomena akaenda peke yake, akakuta gunia limepasuka, punje nyekundu nyekundu. Akaona ni uchafu kama uchafu mwingine. Akaziosha, maji yakatoka mekundu, akayamwaga, akaosha tena na tena mpaka zikatakata. Akazianika, akampelekea jirani yetu Nurdin, aliyekuwa anatafuta ngano ya bokoboko, ile ngano inayopondwa na nyama, kwa arobaini ya baba yake.

Asubuhi ya arobaini, Yuliana katoka nje kunyoosha miguu. Akawakuta bata wa Filomena wamekufa kando ya beseni la kuoshea ngano, ambalo Filomena alisahau kulimwaga. Ndani yake punje zilizosalia bado zina wekundu.

"Filomena! Hii ngano nyingine iko wapi?"

"Kwa Nurdin, wanapikia bokoboko. Niliiosha vizuri, dada."

Yuliana alitoka mbio na kanga yake moja, mie nyuma yake, Filomena nyuma yangu.

Uani kwa Nurdin watu wamejaa, kisomo kimeisha, sahani tupu zimeshagawiwa. Sufuria kubwa liko juu ya mafiga, Nurdin mwenyewe kashika mwiko mrefu anasonga. Yuliana hata salamu hakutoa. "Msile! Ina sumu!"

Nurdin akacheka. "Dada, homa imekupanda kichwani. Kaa chini upewe chai."

Wakataka kuanza kupakua. Basi Yuliana akaliparamia lile sufuria kwa mikono mitupu, akalisukuma. Bokoboko lote likamwagika, likamuunguza yeye, likamuunguza na Nurdin mguu.

Loo! Sadaka ya marehemu, mchangani! Nurdin akapagawa. Akamtwanga na ule mwiko begani, akamtwanga mkononi, nikasikia mfupa unavunjika. Watu wakaingia, mateke, ngumi, vipande vya kuni. "Mchawi huyo! Mwanga!" Nilijitosa kumtoa, nikala kofi lililoning'oa hereni na nyama yake. Damu inamtoka Yuliana puani na mdomoni, na bado anapiga kelele ile ile: "Msile! Msile!"

Filomena alikuwa kasimama mlangoni. Akinyamaza, yeye atarudi nyumbani mzima na Yuliana atafia pale. Mwiko ulipoinuliwa tena, akapaza sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mwacheni! Ngano niliileta mie! Bata wangu wameila, wamekufa wote!"

Watu wale wale wakamgeukia yeye. Nurdin akamkaba shingo, mama mmoja akaokota tofali.

Yuliana akainuka. Sijui alipata wapi nguvu, mkono mmoja unaning'inia. Akauokota mwiko, akamchapa nao Nurdin magotini mpaka akaachia, akasimama mbele ya Filomena.

"Atakayemgusa huyu namuua! Huyu ni wa kwangu kumpiga, si wenu!"

Hakusogea mtu. Kuku waliokuwa wanadonoa lile bokoboko wakaanza kupepesuka mbele ya macho yetu, mmoja akaangukia miguuni kwa Nurdin. Nurdin akamtazama mama yake mzazi, ambaye bado kashika sahani yake mkononi, akakaa chini mchangani akaangua kilio.

Tukamkimbiza Yuliana hospitali, akafungwa plasta. Tuliporudi, hata hajakaa, akamwita Filomena. Filomena akasogea. Akazabwa kofi moja la mkono wa kushoto, mpaka mie shavu likaniwasha.

"Hilo la Recho," Yuliana akasema. Akaketi kwenye mkeka. "Haya, lete kitana unisuke. Mie sina mkono."

Filomena akaleta kitana, akakaa nyuma yake, akaanza kusuka, machozi yake yanamdondokea Yuliana utosini. Yuliana hakuyafuta.