Sauti Iliyoondolewa Kwenye Somo

Wakutubi wa vyuo tuna mazoea ambayo watu wengine wangeyaita wizi. Mmoja akitengeneza somo la kuwafundisha wanafunzi kutafuta makala, hulitupia kundi zima, na kila mtu hulichukua, akalikata, akalishona upya na kulifundisha kwake kana kwamba ni lake. Hakuna anayenuna. Sisi tunayaita kushirikiana, na mimi nilikuwa mhubiri wake mkubwa. Juu ya kila somo nililotuma kutoka chuo chetu cha Garsen niliandika: chukueni, badilisheni, ondoeni msichohitaji.

Somo letu lililosafiri kuliko yote tulilitengeneza wawili, mimi na msaidizi wangu, binti wa Golbanti, mcheshi lakini mkaidi ajabu. Wanafunzi wetu walikuwa wakiandika “mathenge” kwenye kompyuta, ule mti wa miiba uliovamia malisho na mashamba yetu, halafu wananung’unika kwamba dunia nzima haijaandika lolote kuuhusu. Yeye ndiye aliyesema tuwaonyeshe kwamba kwa wasomi mti huo huitwa prosopis, na kwamba mtu anaweza kulijua jambo vizuri sana asilipate, kwa sababu tu analitafuta kwa jina la kwao. Akarekodi maelezo yote kwa sauti yake, slaidi baada ya slaidi, kwa lafudhi ile ile ya nyumbani kwao. Kuna mahali alisita akacheka, nami nikataka arudie. Alikataa katakata.

“Wacha wanisikie nilivyo,” aliniambia.

Mwaka uliofuata aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Muhula ule nililifungulia darasa somo lake, na vijana ambao kwa kawaida hawanyamazi hata wakiombwa wakalisikiliza mpaka mwisho. Kisha mvua ikanyesha kupita kiasi, mto ukaingia maktabani. Tulikimbilia vitabu, kama tulivyofunzwa, kompyuta zikabaki majini. Hata sikuhuzunika sana. Masomo yetu yalikuwa kwenye hifadhi ya pamoja ya wakutubi, huko mtandaoni ambako mto haufiki.

Maji yalipopungua, mamake alikuja chuoni. Mwanafunzi mmoja jirani yake alikuwa amemwambia habari za lile somo. Tulisalimiana, tukakaa, akakataa chai.

“Mwanangu, naambiwa muna sauti ya mtoto wangu hapa,” alisema. “Nataka kuisikia tu. Siichukui.”

Hilo la kutoichukua liliniuma mno. Alinieleza kwamba simu ya marehemu ilikuwa imefutwa kila kitu, akapewa mdogo wake. Nami katika jumbe zote alizowahi kunitumia sikuwa na hata moja ya sauti. Alikuwa mtu wa kuandika. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, sauti ipo, nitamletea mwenyewe nyumbani.

Haikuwepo. Mwenzetu anayetunza hifadhi alikuwa ameifanyia usafi, akabakiza toleo jipya kabisa la kila somo, na toleo jipya la letu lilikuwa la chuo kingine, halina sauti. Alinieleza kwa upole, na alikuwa na haki, maana ndivyo tunavyofundishana. Nilitamani kumtukana.

Nikaomba kwenye kundi: yeyote mwenye nakala ya zamani, tafadhali. Majibu yakamiminika, sijawahi kupendwa hivyo. “Dada, somo lenu limetufaa sana!” Kila mmoja alinitumia la kwake. Wa ziwani alikuwa ameng’oa mathenge akaweka gugumaji. Wa milimani ameweka wadudu wa majani chai. Sauti ilikuwa imetolewa kote. Huyu alisema wanafunzi wake hawakuielewa lafudhi, yule alisema ilifanya faili kuwa zito. Nilifungua faili moja baada ya jingine nikitafuta hata pumzi yake imesahaulika mahali. Nilichoka, nikawachukia watu wema.

Mwishowe akajitokeza mkutubi mmoja wa bara. “Mimi sikubadilisha hata neno,” aliandika. Faili lake lilikuwa zito, lilichukua asubuhi nzima kushuka, nami niliufurahia uzito ule. Sikulisikiliza. Niliona si haki nimsikie kabla ya mamake.

Kule Golbanti, mama alikuwa ametandika mkeka uani na kuwafukuza kuku. Niliweka kompyuta kati yetu, nikabonyeza.

Ikatoka sauti ya mwanamke mwingine. Nzuri, safi, isiyo na lafudhi ya popote. Kweli hakubadilisha neno: alikuwa ameyarekodi upya maelezo yote kama yalivyo, na pale pa kicheko alipita moja kwa moja. Mkono wangu ulikwenda kuzima, mama akaushika. Sauti ikaendelea: “Mama yangu analima ndizi kando ya mto. Ukimuuliza mathenge ni nini, utakaa hapo mpaka jua lizame.”

Tulisikiliza mpaka mwisho.

“Si yeye,” mama alisema.

“Si yeye, mama.”

“Na mbona huyu aniita mama yake?”

Nilimweleza kwamba ni mkutubi mwenzetu, amesoma tu maneno ya mwanawe. Akaniomba nirudishe pale pa ndizi. Nikarudisha. Akarudia maneno yale kwa sauti ya chini, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu, akiipandisha sauti hapa na kuishusha pale, macho kayafumba. Nilielewa anachotafuta, nikashindwa kumtazama.

Akafumbua macho.

“Haiji,” alisema. “Nimeanza kuisahau.”