Marehemu wa Kila Alasiri

Kazini walimwita Marehemu, naye aliitika. Kila alasiri katika bustani ile ya burudani, watu wakishachoka na bembea na gurudumu kubwa, wakishapiga picha na sanamu za mashujaa na kupanda kigari-moshi kilichopakwa rangi za bendera, kipaza sauti kiliwaita uwanjani kutazama Vita vya Ukombozi. Hapo Marehemu alichomoka mbio na bendera mkononi, mzinga ukalia, moshi ukatanda, akafa.

Alikuwa bingwa wa kufa, tusimnyime haki yake. Wenzake walijibwaga kama magunia; yeye alipepesuka, akapiga goti, akaiinua bendera mara ya mwisho, ndipo akalala. Kisha alifunikwa kwa bendera hiyohiyo na watazamaji wakasimama kuimba wimbo wa taifa. Sheria ya pale ilikuwa moja, na msimamizi wa maonyesho, waliyemwita Jemadari, hakuwa na mchezo nayo: maiti haisogei mpaka bendera iondolewe. Nzi akutambae puani, jasho likuingie machoni, wewe umekufa. Mwenzao mmoja aliwahi kupiga chafya. Kesho yake alikuwa getini anauza bisi.

Nyumbani alikuwa hai, ila hakuna aliyemwona. Mama yake alizaa wana wawili. Kifungua mimba alikwenda vitani kwelikweli, huko mpakani, na kilichorudi ni jina lake tu, likisomwa redioni. Mwili haukuletwa. Mama akakataa katakata kulia. Akawa analipiga pasi shati jeupe la mwanawe, analitundika nyuma ya mlango, anasubiri. Miaka ikaenda, uzee ukaingia, kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Aliyempikia uji, aliyemkanda miguu, aliyehangaika kutafuta dawa zake, alikuwa ni huyu kitinda mimba. Na kila alipofungua mlango jioni, uso wa mama uling'aa kidogo, kisha ukafifia.

"Kumbe ni wewe," mama alisema. "Kaka yako hujamwona huko?"

Maneno hayo yalimchoma. Mtu mzima mwenye mvi, lakini alitamani kitu kimoja kama mtoto: mama amtazame yeye, walau siku moja, asitafute mtu mwingine nyuma ya bega lake. Kwa hiyo wafanyakazi waliporuhusiwa kuleta wazazi wao bure, akamvalisha mama gauni lake zuri, akamwomba jirani awasindikize, akawakalisha mstari wa mbele kabisa.

"Mama, mwenye bendera ndiye mimi. Uniangalie. Watu wote hawa watasimama kwa ajili yangu."

"Nitakuangalia, baba."

Akaenda kuvaa magwanda, moyo mweupe. Hakufikiri. Ndilo kosa la watu wa kazi ile: wamekufa mara nyingi mno, hata wamesahau kwamba wapo ambao kwao mzinga ni mzinga. Na magwanda yenyewe yalikuwa ya kijani, rangi ileile aliyoondoka nayo kaka yake.

Mzinga ukalia. Akapepesuka, akapiga goti, akalala. Bendera ikashushwa usoni mwake. Wimbo ulipoanza, akasikia sauti nyingine chini ya wimbo, akaitambua hata kabla haijamfikia.

"Mwanangu. Kifungua mimba wangu. Wamekuleta."

Mama alikuwa amevuka kamba. Alipiga magoti mchangani, akakikumbatia kichwa kilichofunikwa, akaangua kilio alichokizuia miaka yote ile. Watazamaji walidhani ni sehemu ya maonyesho. Wengine wakalia naye, wengine wakapiga makofi. Marehemu alijua maneno machache yangetosha: mama, ni mimi. Lakini mikono ile ilikuwa ikimpapasa uso kwa namna ambayo haikuwahi kumpapasa yeye, na alielewa kwamba akiinuka atakuwa amemnyang'anya mama maiti wake. Akabana pumzi. Hajapata kufa vizuri kama siku ile, wala hakufanya hivyo kwa kumwogopa Jemadari.

Jirani alimwinua mama taratibu, akamrudisha nyumbani. Bendera ilipoondolewa, Jemadari alikuja akisugua viganja.

"Bibi yule umemtoa wapi? Hebu mwambie awe anakuja kila Jumamosi."

Marehemu alivua magwanda, akashika njia ya nyumbani.

Alipofungua mlango wa nyumbani, shati halikuwepo nyuma yake. Mama alikuwa ameketi mkekani, shati limekunjwa mapajani, macho yamevimba, lakini uso umetulia. Akamtazama moja kwa moja. Hakutafuta mtu mwingine nyuma ya bega lake. Marehemu alisimama pale mlangoni, akiogopa hata kupepesa macho.

"Ndiyo kwanza unakuja?" mama alisema. "Kaka yako tumemlilia leo. Watu walijaa, wote wakasimama kwa heshima yake. Wewe tu ndiye hukuonekana. Ulikuwa wapi?"

Akaketi kando yake. Mchanga wa uwanjani ulikuwa bado masikioni mwake.

"Nilikuwa kazini, mama."

Mama akageuza uso, akalainisha kola ya shati kwa kidole.

"Ungekuwa umekufa wewe," alisema, "yeye asingekosa."