Baridi Inayotoka Chini

Mama hakuwahi kunikataza kwenda mlimani. Nalisema hili mapema kwa sababu wadogo zangu mpaka leo husimulia kwamba alinikataza, na si kweli. Alichosema ni kwamba baridi ya huko ni kali, na kwamba ningeenda siku nitakapokuwa na vitu vya kutosha vya kujikinga. Basi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi, katika nyumba yetu ya mtaa wa Tena, nilijifunza kwamba hata akuzuiaye hakwambii kaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, akiwa safarini. Mimi ndiye kifungua mimba, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kukaa. Nilipika, nilifua, niliwaandaa wadogo zangu kwenda shule, na jioni nilimpokea Mama akitoka ofisini alikokuwa karani. Akishaingia tu, alifunga lango kwa kufuli na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Madirisha yalikuwa na grili, mlango ulikuwa na grili, hata kibaraza cha nyuma tulikoanika nguo kilizungushiwa ukuta wenye vigae vya chupa juu yake. Wezi walikuwa wengi, sikatai. Lakini jua likizama nilijiona kama kuku aliyefunikwa tenga.

Ndipo alipokuja kanisani kwetu mwalimu wa kituo kimoja cha kufunzia waongoza watalii, huko kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Alitafuta vijana. Wangetulisha na kutufunza, na atakayefaulu angeajiriwa. Majuma ya kwanza tungelala msituni, na kwa kuwa ardhi ya huko ni matope na miteremko mitupu, hatungelala kwenye hema bali kwenye machela, kile kitambaa kirefu kinachofungwa kwa kamba baina ya miti miwili, mtu akalala ananing'inia. Kila aliyechaguliwa alipewa machela yake mapema ajizoeze. Mavazi na matandiko ya baridi kila mtu angejitafutia, na tungeondoka mwezi wa Agosti. Nilichaguliwa. Nilirudi nyumbani nimeikumbatia ile machela kama mtoto.

Mama aliikunjua, akaipima kwa mikono.

"Hiki ndicho kitanda?"

"Ndiyo, Mama."

"Na godoro?"

"Haina godoro."

"Mimi sijakukataza," alisema, akiikunja tena vizuri kabisa. "Lakini tafuta kwanza vitu vya joto."

Nikaenda soko la Gikomba, kwenye nguo za mitumba. Muuzaji mmoja kijana alinivutia kwenye lundo lake akichomoa mfuko wa kulalia, ule ulioshonwa kama blanketi lenye zipu. "Sasa siste! Hii ni kamera, namba wani kabisa, imetoka tu kwa belo, hakuna mtu ameishika. Ingia ndani uskie vile iko moto!" Nikaingia, hapohapo chini, watu wakinipita na magunia. Nikauchukua. Nikachukua na sweta ya sufu, soksi nzito, glavu, na boshori ya kufunika kichwa na masikio.

Mama aliweka ule mfuko shavuni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mwepesi." Nikarudi Gikomba nikaleta mzito zaidi na jaketi juu yake. Jaketi akalitundika kwenye kamba ya nguo akalimwagia maji kwa kikombe. "Linavuja." Na kweli lilivuja, hilo ndilo lililonikera. Sweta nayo shingo yake ilikuwa wazi mno. Soksi zilikuwa za kiume, lakini hilo halikuwa neno. Neno ni kwamba zilikuwa jozi moja. Kila kitu alikikuta na kasoro, na kila kasoro ilikuwa ya kweli, kwa hiyo sikuwa na pa kumshika. Yule kijana wa mitumba alifika mahali akawa ananiuliza habari za nyumbani. Nilianza kulichukia neno lenyewe baridi.

Julai ilipoingia Mama aliwaambia wenzake wa chama cha akina mama kanisani. Kwetu mtoto haondoki mikono mitupu. Akienda shule ya bweni au akiolewa, akina mama humletea cha kujifunika. Walikuja Jumapili baada ya ibada, kila mmoja na blanketi lake kwapani, yale mablanketi mazito ambayo yakilowa hubebwa na watu wawili. Huwezi kukataa. Wala huwezi kuchukua la huyu ukaacha la yule, maana kabla ya Jumapili ijayo mwenyewe atakuwa amesikia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliyaombea yale mablanketi kwa sauti, wakamshukuru Mungu kwa moyo wa utoaji, kisha wakataka kuona nitakavyolala.

Tuliifunga machela kule kibarazani, kamba moja kwenye grili ya dirisha, nyingine kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Mawingu yalikuwa yametanda na upepo ulipenya kwenye nguo. Walitandika mablanketi ndani ya machela, nikaingia kwenye mfuko, wakanifunga zipu hadi kidevuni, wakaniteremshia boshori, wakanifunika kwa yaliyobaki. Sikuweza kuinua hata mkono. Na bado baada ya muda mfupi mgongo wangu ulikuwa baridi kama niliyelala juu ya saruji. Mama alipitisha mkono chini ya machela, akagusa kitambaa, akawageukia wenzake.

"Mgongo umekuwa barafu."

"Haiya! Huyu atapata nimonia," alisema mmoja.

"Aongezewe," akasema mwingine.

Wakasimama pale wakijadili maisha yangu juu ya kichwa changu kana kwamba nimeshakufa. Nililia. Hakuna aliyeona kwa sababu boshori ilikuwa imefika machoni, na sikuweza kujifuta.

Hata hivyo, katika kule kulia nilihisi jambo. Miguu yangu ilikuwa na joto. Walipoondoka na nikajinasua, niliona sababu: blanketi moja lilikuwa limeteleza upande wa miguuni likaning'inia nje, chini ya machela. Yale mengine niliyoyalalia nilikuwa nimeyagandamiza kwa uzito wangu mpaka yakawa kama karatasi. Baridi ya machela haitoki juu, hutoka chini, na blanketi lililolaliwa halizuii kitu.

Juma zima nilishona. Nilichukua mablanketi mawili mepesi ya hapa nyumbani, nikayaunganisha, nikatia kamba kwenye pindo, nikayaning'iniza chini ya machela kwa nje, yakiigusa tu bila kubanwa. Jumamosi mchana manyunyu yalikuwa yakianguka. Nilitandaza turubai juu, nikajilaza na ule mfuko wa kwanza kabisa, ule mwepesi, na sweta. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu tumzike Baba.

Nilipozinduka Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama kando yangu. Mkono wake ulikuwa chini yangu, kati ya blanketi na machela.

"Umesikia joto?" nilimuuliza. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nimesikia." Hakuutoa mkono. "Na mvua?"

"Kuna turubai."

"Na upepo?"

"Turubai hiyohiyo, Mama, inashushwa upande."

"Na siafu?"

"Mama."

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Baba yako alivaa sweta mbili na koti siku ile aliyosafiri. Vifungo nilimfunga mimi mwenyewe."

Nilikuwa na jibu la mvua na la upepo. Hata la siafu ningelipata. Kwa hilo sikuwa nalo, wala halikuwa linauzwa Gikomba. Nililala palepale, nimefungwa kwenye mfuko, mkono wake mgongoni mwangu, nikimngoja aseme niende hata hivyo. Nilimpa muda mrefu sana wa kusema.

"Basi sitaenda," nikasema.

Mama alishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayetua debe la maji kichwani, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hapo ndipo nilipomkasirikia kwa kweli. Nilimwona amefurahi, na nikajua kwamba furaha ile sitaweza kumnyang'anya kamwe.