Nilivyomfuta Mtu wa Mugumu

Shangazi wa mchumba wangu alinitafuta kwenye simu, akanipata nikiwa na wake wawili na pikapu nyeupe.

Habari hiyo aliileta dada yangu, ambaye ameolewa Sirari na anauza vitenge karibu na stendi. Shangazi mwenyewe anaishi ng'ambo ya mpaka, Isebania. Ndiye aliyemlea yule binti baada ya mama yake kufariki, kwa hiyo kwao neno lake ndilo la mwisho. Wazee wetu walikuwa wameshajiandaa kwenda kujitambulisha. Sasa ujumbe ukaja mfupi: wasije kwanza, mpaka kijana aeleze kuhusu hao wake wawili. Alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi.

"Mura," dada aliniambia, kama vijana wote wanavyoitwa kwetu, akijikaza asicheke mbele ya mama, "hao wake umewaficha wapi? Kwenye ghala la mahindi?"

"Dada, mimi sina..."

"Najua huna. Mtu anayejificha nyuma ya ng'ombe akimwona mwalimu wake wa darasa la pili, wake wawili atawatongozea wapi? Lakini shangazi hakujui wewe. Anaijua simu."

Ni lazima nieleze jambo moja. Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Mtoto hupewa jina la babu, na babu alipewa la babu yake. Ukisimama mnadani ukaita jina langu na la baba yangu kwa sauti, watageuka watu sita, na mmoja atauliza nani kafariki. Hapa Nyanungu hatusumbuki, kwa sababu tunajuana kwa boma, kwa mama, na hata kwa mbwa. Mtandao haujui boma.

Mimi mwenyewe sikuwa na picha hata moja huko. Haikuwa kwa uangalifu. Ilikuwa aibu tu. Nilikuwa na akaunti isiyo na sura, ya kusoma mambo ya watu na kumwandikia yule binti.

Nikapanda kilima kilicho nyuma ya zizi, ambako mtandao unashika, nikaanza kutafuta dawa. Nikapata makala iliyoeleza kwamba kuna huduma za bure za kumsaidia mtu ajue mtandao una nini kumhusu, na akiona kuna uongo, aombe uondolewe. Niliisoma mara tatu. Mimi nimeishia darasa la saba na mambo ya fomu hunichukua muda, lakini nikajiambia kwamba hata ng'ombe mkaidi huingia zizini ukiwa na subira.

Huduma ya kwanza ilikuwa ya ulinzi. Unaandika jina lako, na kila likitajwa mahali mtandaoni unaletewa taarifa. Nikaandika.

Kwa wiki moja niliishi maisha mengi. Jumatatu nilifunga bao la pili kwenye mechi ya kirafiki huko Rorya. Jumanne niligombea uongozi wa chama cha msingi. Jumatano nilitafutwa kwa kosa la kuvusha mirungi mpakani. Alhamisi nilifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, nikaacha mke, watoto saba na wajukuu. Ijumaa, kabla sijazikwa, nilipewa cheti cha mkulima bora wa viazi.

Mama aliniona nimekaa kimya na simu, akauliza kuna nini.

"Mama, nimekufa."

"Basi kabla hawajaja kukuzika, nenda ukamfunge yule ndama. Ameingia kwenye mihogo."

Huduma ya pili ilikuwa ya kuomba mtandao ukurudishie kila ulichokiweka. Nilingoja siku mbili, likaja faili. Nilidhani litakuwa kubwa. Lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na karibu wote ulikuwa maswali niliyowahi kuuliza. Dada, ambaye alikuja tena kumwona mama, alininyang'anya simu akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Namna ya kuanza kuongea na msichana. Namna ya kuendelea kuongea na msichana. Je, mikono kutoka jasho ni ugonjwa? Maana ya msichana kujibu sawa." Akanigeukia. "Hili la mwisho ulipata jibu?"

"Dada, lete simu."

"Wake wawili! Huyu hata kumpata mmoja anauuliza mtandao!"

Alicheka mpaka mama naye akacheka bila kujua kisa. Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Faili lile lilikuwa na ukweli wote juu yangu na halikuwa na faida yoyote kwa shangazi.

Nikabaki na huduma ya tatu, ile ya kuripoti. Niliufungua ukurasa wa yule mtu mwenye wake wawili. Alikuwa mtu mzima wa Mugumu, upande wa Serengeti, mwenye tumbo la kushiba na kofia ya majani. Anauza miche ya parachichi. Kwenye picha iliyomkera shangazi alikuwa amesimama mbele ya pikapu, mke kulia, mke kushoto, na miche miguuni. Chini yake jina langu lote, mpaka la babu.

Fomu iliuliza: mtu huyu anajifanya nani? Kulikuwa na majibu matatu. Rafiki yako, mtu maarufu, wewe.

Nilikitazama kidole changu kwa muda mrefu. Nilijua kabisa kwamba mtu yule hajifanyi mimi. Hakuna mtu mwenye pikapu anayeweza kutaka kujifanya mimi. Lakini nilimkumbuka binti, na siku zilizobaki zilikuwa tisa. Nikabonyeza "wewe." Wakataka kitambulisho, nikapiga picha kile cha taifa, nikatuma. Jina lilikuwa lile lile, lingekuwaje lisiwe?

Baada ya siku mbili wakaniandikia kunishukuru kwa kulinda usalama wa jamii. Ukurasa umeondolewa.

Furaha yangu ilidumu kuanzia kukamua asubuhi mpaka kukamua jioni. Kisha nikaanza kuwaza miche. Mvua zilikuwa zinakaribia, na miche ya parachichi huuzwa wakati huo tu. Watu wanampataje sasa? Kwetu mtu wa jina lako, wajina wako, si mtu baki. Mkikutana njiani mnasalimiana kama ndugu hata kama hamjawahi kuonana. Mimi wangu nilikuwa nimemfuta kwa kidole.

Kwenye picha niliyokuwa nimeihifadhi, mlango wa pikapu ulikuwa na namba ya simu iliyochorwa kwa rangi. Ilinichukua siku nzima kupiga. Nilipiga mara mbili nikakata kabla haijaita. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

Nikataja jina langu, la baba na la babu.

"Kijana, acha utani. Hayo ni yangu."

"Ni yangu pia, mzee. Ndiyo maana napiga."

Nikamweleza yote, nikikwama kila baada ya maneno matatu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilimsikia akimwambia mtu aliye karibu naye, "Nyie, nimempata aliyeniua! Tena anaitwa mimi!" Sauti mbili za wanawake zikaangua kicheko.

"Wajina," aliniambia, "kwanza, kaa hapo hapo ufute hiyo ripoti yako. Pili, hao wake wawili ni wa kweli na hakuna aliyelalamika isipokuwa huyo shangazi. Tatu, huko kwake tunakwenda wote. Akituona wawili, atajua tuko wawili. Lakini usimwambie ulinifuta. Mwanamke akisikia hilo hakupi mtu."

Nikajaza fomu nyingine, ya kuiondoa ile ya kwanza. Wakajibu kwamba wanalishughulikia.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi wajina alinipitia Nyamongo kwa ile pikapu. Njia nzima hadi Tarime na Sirari aliongea yeye. Mimi nilisema "ndiyo" na "eeh." Tuliliacha gari kwa dada, tukavuka kwa miguu.

Shangazi alitukaribisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Simu yake ilikuwa mezani, uso juu, kama shahidi. Mchumba wangu alikuwa jikoni. Nilijua kwa sababu vyombo viliacha kulia tulipoingia.

"Haya," shangazi alisema. "Ni nani kati yenu ako na mabibi wawili?"

"Ni mimi, mama," wajina alijibu akivua kofia. "Na kama umewaona kwenye picha, utakubali nilichagua vizuri."

"Wacha mchezo. Na huyu?"

"Huyu hana hata kuku wake mwenyewe. Ni safi."

Shangazi alinitazama. Nikatazama kitambaa cha kochi.

"Na hiyo ukurasa yako ilienda wapi?" akamgeukia wajina. "Juzi nimeitafuta tena, haiko. Mtu anafuta ukurasa wakati anaulizwa maswali, hiyo ni maneno ya kuficha."

"Mambo ya mtandao, mama. Unapotea, unarudi."

Alisema hivyo kwa ajili yangu. Na nikaona kwamba sasa ni yeye aliyekuwa anaonekana mwongo, tena kwa ajili ya mtu aliyemwibia wateja wa msimu.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini? Ongea."

"Ni mimi niliyeufuta, shangazi. Niliwaambia anajifanya mimi. Nilijua si kweli. Nimeomba urudishwe, bado."

Wajina alifunga macho, akakipigapiga kiti kwa kofia polepole.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka ukinitafuta tena usikute mtu."

"Usikute mtu." Aliyarudia maneno hayo kama anayeonja uji kujua kama umeiva. "Kwani mimi nitapeana msichana kwa nani? Kwa hewa? Nilikutafuta juu ya kutaka kujua mtoto wangu anaenda kwa nani. Nikapata mtu wa mabibi wawili. Sawa, huyo si wewe. Sasa wewe ulitaka nikitafuta nipate nini?"

Kweli sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimehangaika mwezi mzima kuwafuta wengine, na chini yao wote hapakuwa na mtu.

"Inua kichwa," shangazi akasema. Nilipoinua, tayari alikuwa ameshika simu. Ilifanya "kacha" kabla sijafunga mdomo.

Akanitaka nifungue akaunti yangu. Akaweka ile picha yeye mwenyewe, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na jasho na kioo hakikunisikia. Chini yake akaandika, akitamka kila neno kwa sauti: "Huyu ndiye wa Nyanungu. Hana bibi bado."

"Shangazi, si ningechukua picha nyingine..."

"Hapana. Hii inakaa. Mwingine wa ukoo wetu akikutafuta, akupate ukiwa hivyo hivyo. Na wazee wenu walete Jumamosi." Akamnyooshea wajina kidole. "Huyu pia aje. Anajua kuongea, na wewe hujui."

"Nije na wake zangu?"

"Kuja na wao wote. Nataka kuwaona na macho, si kwa simu."

Wajina alianza kucheka kabla hatujatoka mlangoni, akacheka mpaka mpakani. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ile picha: mdomo wazi, shingo imeinuka kama jogoo aliyesikia mlio, nusu ya kitambaa cha kochi begani. Nilishaipata sehemu ya kuifuta, maana kwa sasa nilikuwa mzoefu. Kidole kilikuwa juu yake pale simu ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe wa yule binti, kutoka jikoni.

"Jicho moja umefumba," aliandika. "Usiifute."